Shuka Marangu Mtoni: namna ya kukitembelea kimji chetu msimu kwa msimu

Wageni wengi ninaowapakia stendi ya Moshi wakienda Marangu huuliza geti la hifadhi ya Mlima Kilimanjaro liko umbali gani. Nawaambia ni karibu, kutoka Mtoni ni kilomita tano au sita za kupanda. Halafu nawaomba wasianzie getini. Washuke Mtoni, darajani, watembee kwanza. Geti lina wenyewe, wanaopanda mlima. Anayetaka kuiona Marangu yenyewe, vihamba vyake (mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa), mifereji yake, kahawa yake na watu wake, safari yake inaanzia pale barabara inapovuka mto.

Mimi ni dereva wa Hiace, ruti ya Moshi, Himo na Marangu. Nilizaliwa Mamba, jirani kabisa na Marangu, na kihamba cha mama yangu kiko huko mpaka leo. Mwaka mzima nauona kwa mizigo inayopanda na kushuka garini: mbegu za mahindi, mabuti yenye tope, viroba vya kahawa, mbuzi, mabegi ya watoto wanaokuja kwa bibi. Kwa hiyo mtu akiniuliza aje lini, huwa namuuliza kwanza anataka kuona nini.

Kufika

Kutoka Moshi mpaka Marangu Mtoni ni kama kilomita 40. Magari yako stendi kuu ya mjini, Hiace na Kosta, na hayaondoki mpaka yajae. Ukitaka kuwahi, panda asubuhi mapema kabla wanaokwenda minadani hawajaanza kupakia. Kaa upande wa kushoto, upande wa mlima. Mtapita Kiboriloni penye soko la mitumba, mtapita Uchira, kisha Himo. Hapo Himo barabara ya Dar inakwenda zake kusini, nyingine inaelekea Holili mpakani, na sisi tunakata kushoto kuanza kupanda. Ndani ya dakika chache utaona mabadiliko. Chini kule ni mahindi, alizeti na vumbi jekundu, na mara migomba inafunga pande zote mbili za barabara na upepo wa dirishani unapoa. Mji wa Moshi uko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, Mtoni ni juu zaidi ya hapo kwa mamia ya mita, kwa hiyo hata Januari beba sweta.

Nauli muulize abiria mwenzio kabla konda hajakufikia, na uwe na hela ndogondogo. Unayetoka Arusha, shuka Moshi ubadilishe gari, au panda basi la Rombo linalopita Marangu. Mtoni ni njia panda: barabara moja inapanda getini, nyingine inakwenda Mwika na kuendelea Rombo hadi Tarakea. Ndiyo maana pale pana maduka, bodaboda, mama lishe na kelele kuliko ukubwa wa mahali penyewe.

Ukishashuka

Kabla ya kukodi bodaboda, simama darajani utazame maji. Mto huu unatoka kwenye msitu wa mlima. Wengi hudhani ni barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inayeyuka, lakini sehemu kubwa ya maji yetu ni mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu wa juu na kuachiwa kidogokidogo. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912 na inaendelea kupungua. Inaniuma sana. Lakini anayeupenda mto huu aulinde msitu kwanza. Kutoka hapa maji yanateremka tambarare, yanakutana na mito mingine, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanafuata Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Karatasi ya biskuti utakayoitupa darajani inaanza safari ndefu.

Marangu ina historia nzito kwa kimji cha ukubwa wake. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika Kilema, jirani zetu upande wa magharibi, akaandika kwamba ameona mlima wenye theluji, na wasomi wa London wakambishia. Mwaka 1889 wapandaji mlima kutoka Ulaya, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipitia hapa Marangu, wakapokelewa na Mangi (yaani chifu) Marealle, wakafika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba. Watu wa hapa wanamkumbuka Yohana Lauwo, aliyefariki 1996, kuwa ndiye kijana aliyewaongoza. Miaka miwili baada ya Meyer alikuja Carl Peters, kamishna wa serikali ya Ujerumani, akaweka kituo chake hapahapa Marangu. Huko ndiko alikowanyonga Mabruk, kijana mtumishi, na Jagodja, binti aliyekuwa chini yake. Habari zikafika Ujerumani, na mwaka 1897 akafukuzwa kazi. Mabruk na Jagodja hawatajwi sana na wanaowatembeza wageni. Wewe watajie watoto wako.

Kuna jambo moja la kushika hapa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 Old Moshi, Mangi Meli akiwa mmoja wao. Marealle wa Marangu alikuwa rafiki wa Wajerumani wakati huo. Familia za pande zote zipo, zinaoana, zinasali pamoja, na wazee wana maelezo yao. Ukitaka kuyasikia, nenda kwa mzee nyumbani kwake, kaa chini, msikilize mpaka amalize. Usilianzishe mezani kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Mjukuu wa Mangi Marealle huyo, Thomas Marealle, ndiye aliyekuja kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote miaka ya 1950, na wazee wa Marangu wakianza kumzungumzia yeye hawamalizi upesi.

Kutoka Mtoni unaweza kwenda kwa miguu mpaka maporomoko ya Kinukamori. Pale juu kuna sanamu ya binti na chui. Binti ni Makinuka. Alipata mimba kabla ya kuolewa, na adhabu ya zamani ilikuwa kifo, akaja hapa kujirusha. Alipofika ukingoni akabadili moyo, akageuka arudi nyumbani, akakuta chui nyuma yake, akashtuka akaanguka. Bibi yangu alitusimulia taratibu, na kila alipofika pale anapogeuka arudi alinyamaza kidogo. Lipa kiingilio, dai risiti, shuka ngazi ukishika kingo. Kilasia ni maporomoko marefu zaidi na mteremko wake ni mkali, usiende peke yako. Chukua kijana wa pale anayeijua njia, mpatane bei kabla ya kuondoka.

Njia nyingi za miguu Marangu zinapita katikati ya vihamba vya watu. Piga hodi hata kama huoni mtu. Ukikutana na mkubwa toa shikamoo, subiri marahaba, ndipo uulize njia. Ukiona mimea yenye majani marefu membamba imepandwa mpakani au kwenye makaburi, hayo ni masale. Usiyakate, usiyachezee. Kwetu mtu akikukosea vibaya akaja na jani la sale mkononi, huwezi kumfukuza.

Masika, Machi mpaka Mei

Wageni wanakimbia miezi hii. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

Machi gari langu linajaa mbegu na majembe. Wachaga wengi wana mashamba mawili: kihamba cha juu chenye migomba na kahawa, na shamba la chini, tambarare, la mahindi na maharage. Mvua ikianza, watu wanashuka alfajiri kulima chini na kurudi jioni na majani ya ng'ombe kichwani. Aprili ndiyo mwezi wa mvua kubwa. Mto unabadilika rangi, unaongezeka sauti, na Kinukamori inapiga mpaka umande unakulowesha ukiwa bado juu ya ngazi. Mwezi huo kila kitu ni kijani, hata mawe.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa mbali hawalijui. Aprili na Mei wapandaji mlima ni wachache, kwa hiyo waongoza wageni na wapagazi wako nyumbani. Watu hawa wamepanda Kibo tangu ujana wao, wanaujua mlima kwa miguu, na Julai huwezi kuwapata hata kwa simu. Aprili unawakuta wanakata majani ya ng'ombe, wanatengeneza banda, wana muda wa kukaa. Kama unataka kuzijua habari za Marangu kutoka kwa wenyewe, huo ndio msimu. Na nyumba za wageni zina nafasi tele, bei inazungumzika.

Matayarisho yake ni haya. Vaa buti za mpira, au viatu vyenye meno, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza vibaya. Beba koti la mvua. Mwavuli kwenye migomba unakwama kila hatua. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki. Tembea asubuhi, mchana uwe karibu na paa. Usikanyage mto kuuvuka, hata ukiona watoto wa pale wanavuka: mvua inaweza kuwa inanyesha msituni na hapa chini kukavu, maji yakaja ghafla. Kilasia masika iache, subiri Juni. Na usipange kurudi kwa gari la mwisho, barabara za juu zikiharibika tunachelewa wote.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti

Mvua ikikata, baridi inaingia. Julai wingu linakaa juu ya Marangu tangu asubuhi, siku nyingine mpaka mchana, na unaweza kumaliza siku tatu hujauona mlima hata mara moja. Anayekuja kwa ajili ya picha ya Kibo asije Julai akalalamika. Ndio msimu wa wageni wengi kutoka nje, geti limejaa, vyumba vimepanda bei. Weka nafasi mapema, lete jaketi.

Njoo Julai kwa ajili ya kahawa. Mavuno ya Kilimanjaro yanaanza karibu na mwezi huo na yanaendelea mpaka mwisho wa mwaka, kwa sababu punje za mti mmoja haziivi pamoja. Mama yangu anapita mti uleule mara nyingi katika msimu, kila mara akichuma nyekundu tu na kuziacha za kijani. Ukipata mwenyeji, mwombe akuruhusu kuchuma naye asubuhi moja, kisha ukae mpaka jioni uone kazi yote. Zilizochumwa leo zinamenywa leo. Mashine ya mkono inafungwa kwenye mti au benchi, mmoja anazungusha, mwingine anamimina maji na kahawa juu. Maganda mekundu yanatoka upande huu, punje zenye utelezi zinadondokea kwenye ndoo upande ule. Zinaachwa zichachuke usiku, wakati wa baridi hata zaidi ya siku nzima. Mama anajua zimeiva kwa kuingiza mkono: anazisugua, na zikikwaruzana kama kokoto badala ya kuteleza, ni tayari kuoshwa. Zinaoshwa kwa maji mengi, zinatandazwa kwenye vichanja, na hapo ndipo ukungu wa Julai unapotutesa, maana kila wingu likishuka lazima zifunikwe, jua likitoka zifunuliwe. Mtu wa nyumbani hawezi kwenda mbali wakati kahawa iko juani.

Kahawa ilifika mlimani huku kupitia wamisionari wa Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga wakaishika, na mwaka 1933 wakaanzisha chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake utaliona Moshi mjini. Shule nyingi za huku zilijengwa kwa kahawa, na karo za wazazi wetu zililipwa kwa kahawa. Siku hizi vijana wengi wameing'oa, wakapanda ndizi, nyanya na parachichi, kwa sababu bei ilishuka na miti imezeeka. Siwalaumu. Lakini ukikuta familia inayomenya kahawa yake kwa mkono, nunua kwao hata nusu kilo, iliyokaangwa na kutwangwa mbele yako. Hela inabaki hapohapo.

Agosti utaona kitu kingine barabarani: kirikuu na pikapu zimebeba mabua ya mahindi marefu kuliko gari lenyewe, zinapanda kutoka tambarare. Ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe wa huku hawachungwi, wanakaa bandani na kuletewa. Ukiwa na gari lako, uwe mpole nyuma yao kwenye kona, dereva wa mbele hakuoni.

Septemba na Oktoba

Hii ni miezi mizuri ya kutembea. Njia ni kavu, anga inaanza kufunguka, na asubuhi unaona Kibo na kilele mwenzake Mawenzi vizuri ukiwa Himo au kwenye miinuko ya juu ya Mtoni.

Maji ya mto yamepungua, na sababu yake yenyewe ni kitu cha kutazama. Juu ya Mtoni watu wanachepusha maji kwa mifongo, mifereji ya zamani iliyochimbwa na babu zetu bila kipimo cha chuma, ikifuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mpaka kihamba cha mwisho. Kila mfongo una wazee wake na zamu zake. Wakati wa kiangazi zamu inafuatwa kwa saa. Nenda alfajiri na mwenyeji umwone mtu akifungua maji yake: anaondoa jiwe na kipande cha gogo la mgomba lililoziba, anaziba kwa jirani, na maji yanakimbia kwenye vijito vidogo kati ya migomba. Kuiba zamu ya maji ni kosa kubwa, watu wamewahi kufikishana kwa wazee kwa nusu saa ya maji. Usiruke mfongo ukiangusha udongo ndani, wala usinawe miguu humo. Kuna mtu chini anayesubiri maji hayo.

Novemba

Vuli ikianguka kidogo, mibuni inatoa maua. Ni meupe, yananukia kama asmini, na hayakai. Ukisikia yamechanua, njoo wiki hiyohiyo. Zaidi ya hapo Novemba ni mwezi wa watu kupaka nyumba rangi na kufyeka njia, wakijiandaa kwa Desemba.

Desemba

Hapa niseme kwa kirefu, maana Desemba ya Marangu ni mji mwingine kabisa.

Wachaga waliotawanyika Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi, wanarudi. Kuanzia kama tarehe 18 mabasi yanatoka Dar usiku na mchana, tiketi zinakwisha, magari madogo yanafuatana Himo mpaka unaweza kukaa foleni mahali ambapo mwezi Mei unapita bila kukanyaga breki. Mtoni panajaa watu waliovaa vizuri wanaosalimiana kwa vifijo. Nyumba zilizokuwa zimefungwa mwaka mzima zina taa. Makaburi yanasafishwa, harusi zinapangwa kila Jumamosi, watoto wanapata kipaimara, ukoo unakaa kikao kuzungumza mashamba, karo na ugomvi wa mwaka mzima. Na kila boma lina mbuzi.

Kama huna mwenyeji, usije kati ya tarehe 22 na 26. Hutapata chumba, hutapata gari, na hata mama lishe wako wa Mtoni amefunga yuko kwake anapika. Njoo tarehe 28 au 29, mji bado umejaa na watu wana nafasi ya kukutazama.

Kama umealikwa, umepewa heshima. Usiende mikono mitupu. Chukua sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, mkate, kwa bibi chukua na kanga. Mkabidhi mama wa nyumba, usiviweke mezani mbele ya watu. Utakuta mbuzi anachinjwa asubuhi. Kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe kwa desturi ya ukoo, babu ana yake, shangazi ana yake, kwa hiyo usichague nyama, subiri upewe. Huenda ukapewa kisusio, mchuzi wenye damu ya mbuzi. Kama imani yako au tumbo lako havikuruhusu, sema kwa upole mapema, hakuna atakayechukia. Waislamu waambie wenyeji kabla ya siku yenyewe. Familia nyingi zina ndugu Waislamu na wanajua nani achinje.

Mbege italetwa kwenye kata, kibuyu cha kunywea. Inapikwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa siku kadhaa, kisha inachanganywa na uji wa ulezi, na gome la msesewe linatia uchungu. Anayekuletea anaonja kwanza mbele yako. Pokea kwa mikono miwili, kunywa kidogo, mpe wa pili. Na anayeendesha gari asinywe kabisa. Barabara ya kushuka Himo ina kona, na kila Desemba nasikia vilio ambavyo visingekuwapo.

Tarehe 25 asubuhi nenda kanisani hata kama umekuja kutembea tu, kama u Mkristo. Marangu na Mamba walipata Ulutheri kupitia Walutheri wa Leipzig tangu miaka ya 1890, na Wakatoliki wa Kilema walikuwa wametangulia kidogo. Kwaya zinazofanya mazoezi mwaka mzima siku hiyo zinaimba zote. Fika mapema, watu wanasimama nje mpaka barabarani.

Januari na Februari

Jua, anga safi, mlima wazi asubuhi na jioni. Ni wakati mzuri wa kupanda siku moja tu mpaka kibanda cha Mandara, kwenye mita 2,700, ndani ya msitu, bila kulala. Utahitaji kulipia hifadhi na kuwa na mwongozaji. Getini hawapokei fedha taslimu, uwe na kadi au utaratibu wa malipo umeshaandaliwa. Vibanda vina majina ya mangi wa zamani: Mandara alikuwa Mangi Rindi wa Old Moshi, na Horombo, jina la kibanda cha juu yake, alikuwa mangi wa Keni, Rombo. Mwambie mwanao mkiwa njiani.

Kula

Mtoni kula mtori. Usikubali wa jana. Mtori mzuri unapikwa kwa ndizi mshare na nyama yenye mfupa, zinachemshwa pamoja mpaka ndizi zilainike, nyama inatolewa, ndizi zinapondwa, kisha vinarudishwa pamoja na kitunguu na maziwa au siagi kidogo. Mpishi anayetumia ndizi ya aina nyingine utamjua, mtori unakuwa na utelezi. Ukiutaka, fika kabla ya saa tano asubuhi, mchana sufuria iko tupu. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, yapo siku nzima. Kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, uliza, hakipikwi kila mahali. Ndizi kisukari za njiani nunua kwa wale mama wanaokaa chini karibu na stendi, na ukinunua mkungu wa mshare wa kupeleka mjini mwambie konda mapema aupange juu, usije kukaliwa.

Kurudi

Kuanzia saa kumi na moja jioni magari ya Moshi yanapungua, na Jumapili yanapungua mapema zaidi. Ukikosa la moja kwa moja, panda linalokwenda Himo, pale utapata la Moshi mpaka usiku. Usikodi bodaboda mpaka Moshi, ni mbali na barabara kuu ina malori. Kaa upande wa kulia safari hii. Wingu huwa linaondoka Kibo karibu na magharibi, na kati ya Himo na Uchira mlima uko dirishani kwako. Ukitaka kupiga picha, niambie mapema, kabla ya Uchira kuna mahali pa kusimama bila kuzuia wengine.